Vuta Tu, Hazifumuki

Msusi huyu watu walimwita Vidole, na jina hilo hakupewa na baba wala mama. Walimpa wateja wake. Ukikaa kwenye kiti chake na nywele zako zimetimka, ukaanza kumpigia soga kuhusu shemeji yako, kabla hujafika kwenye utamu wenyewe utasikia, "Tayari mama, jitazame. Anayefuata!" Unabaki na stori yako mdomoni na kichwa kimependeza.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Kulikuwa na kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, viti viwili, benchi la kusubiria, na rasta zilizoning'inizwa kwenye misumari kwa rangi zake: nyeusi, kahawia, na ile nyekundu ambayo kila mteja huisifia na hakuna anayeichukua. Ndani mlinukia mafuta ya nywele na maji ya moto. Siku za Jumamosi benchi lilijaa wanawake na watoto wao, na kelele zake zilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Lakini si wepesi huo wa mikono uliomletea wateja, maana wasusi wepesi wako wengi. Sifa yake ilikuwa kwamba rasta zake zilishika. Zilikaa kichwani mpaka mwenyewe uzichoke. Na kama ulikuwa mteja mgeni, una mashaka yako, Vidole hakupoteza muda kubishana nawe. Alimwita binti yake.

Binti huyo alikuwa na miaka saba, yuko darasa la pili, na ndiye mtoto pekee wa nyumba hiyo. Nyumbani walimwita Chiriku kwa kuwa maneno yake hayakuwa na kituo. Aliongea akila, aliongea akioga, na baba yake, fundi friji, aliapa kwamba hata usingizini mtoto huyu ana mtu anayemsimulia. Kila mtindo mpya mama yake aliuanzia kwenye kichwa chake. Basi mteja akitia shaka, Vidole angeita, na Chiriku angekuja, angesimama kando ya kiti, akakunja mikono tumboni na kuinamisha kichwa.

"Vuta tu, hazifumuki!" Vidole angesema.

Mteja angevuta. Kwa woga kwanza, halafu kwa nguvu. Wa pembeni naye angetaka kuhakikisha. Hata watoto waliokaa kwenye benchi waliruhusiwa. "Na wewe mwanangu njoo, usiogope, vuta!" Saluni nzima ingecheka, na Chiriku hakutikisika wala kukunja uso. Wanawake walimsifu kwa utulivu wake, na Vidole alitembea kifua mbele siku nzima.

Kisha Chiriku akanyamaza. Haikuwa ghafla, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Alirudi shuleni, akaweka mkoba, akakaa. "Leo mmesoma nini?" "Hakuna." "Umecheza na nani?" "Hakuna." Asubuhi tumbo likaanza kumuuma, na baba yake, ambaye kila ugonjwa wa mtoto kwake ni minyoo, akamnunulia dawa ya minyoo. Tumbo liliendelea kuuma, ila siku za mapumziko lilipona lenyewe.

Jambo lililomkera Vidole lilikuwa lingine kabisa. Rasta za mtoto zilianza kurudi nyumbani zimechakaa. Moja imelegea, nyingine imefumuka nusu, na kingo za kichwa zimevimba. Hilo lilimuuma kama mwashi anayeona ukuta wake umepinda. "Unazichezea darasani, si ndiyo?" alimgombeza. "Unanitembezea aibu barabarani! Watu watasema Vidole siku hizi anasuka mapambo ya siku moja." Akamkalisha chini, akamsuka upya, na safari hii akakaza zaidi.

Jumapili moja mchana aliamua kuzifumua zote aanze mtindo mwingine. Chiriku aliketi mkekani, katikati ya magoti ya mama yake, shingo imelainika. Vidole alifumua huku akiimba wimbo wake wa kuunga unga. Alipofika kisogoni, wimbo ukakatika.

Palikuwa na upara. Kiduara kitupu, laini, ukubwa wa kifuniko cha soda, kimezungukwa na vipele vyekundu. Akasogeza nywele nyuma ya sikio. Palikuwa na kingine.

Chanuo lilimponyoka. Vidole alikuwa ameshika vichwa vya kila namna, na alijua nywele zilizokatika kwa kuungua dawa na nywele zilizodondoka kwa ugonjwa. Hizi zilikuwa zimeng'olewa. Mtu alizishika akazivuta mpaka zikatoka na mizizi yake, na hakufanya hivyo mara moja.

"Nani kakufanya hivi?"

Chiriku aliokota chanuo, akamrudishia.

"Chiriku. Niambie mama. Nani?"

"Watoto."

"Watoto gani?"

"Wote," alisema Chiriku, kwa sauti ile ile ambayo angekuambia ni saa ngapi.

Fundi friji alikuwa uani akinawa mikono yake yenye grisi. Aliposikia mkewe akiita, kwa sauti asiyoizoea, alikuja na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Aliinama, akatazama kisogo cha binti yake, akakaa chini palepale sakafuni.

"Anahama," alisema.

"Ngoja kwanza tujue ni nani na—"

"Tujue nini? Unataka tungoje mpaka nywele ziishe ndipo tujue?"

"Baba Chiriku, mtoto hahamishwi kama friji. Shule hii iko karibu, anakwenda kwa miguu. Mwalimu wake anamjua. Kusoma kwenyewe ndiyo kwanza amekupenda."

"Na wao wamempenda mpaka wamemnyonyoa!"

Walibishana hivyo jioni nzima, mmoja akishusha sauti mwingine anapandisha. Tusimfichie Vidole: nusu ya wateja wake walikuwa wazazi wa shule ile, na hilo nalo lilimpitia kichwani, likamtia haya, akalifukuza. Lakini kila alipofumba macho aliona kile kiduara kitupu. Kufikia asubuhi alikuwa amekubali. Fundi friji alikwenda kwenye shule ya upande wa pili wa mji, akazungumza na mwalimu mkuu, akarudi na jibu kwamba mtoto apelekwe Jumatatu inayofuata. Alirudi pia na sweta la shule hiyo, la kijani, likiwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni.

Kazi ya kwenda kuaga shule ya zamani, ambako Chiriku alikuwa amekwenda asubuhi hiyo kwa mazoea, na zile rasta za mbele ambazo hazikufumuliwa, aliichukua Vidole. Alikwenda na hasira zake zimepangwa vizuri. Alitaka kujua mtoto gani kaanzisha, kisha amtafute mama wa mtoto huyo ampe vidonge vyake, na kwa vidonge alivyovikusudia hapakuwa na haja ya kupitia duka la dawa.

Alifika wakati wa mapumziko. Mwalimu wa darasa, dada mpole mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, alimkaribisha kiti. Vidole hakukaa.

"Mwalimu, mwanangu anaonewa hapa."

"Chiriku?" Mwalimu alishangaa kwelikweli. "Hapana, mama. Chiriku hana ugomvi na mtu. Tena anapendwa! Kila mapumziko wenzake wanamgombania."

"Wanamgombania?"

"Wana mchezo wao, wanacheza saluni. Bila yeye hawachezi. Hebu tazama mwenyewe, wako pale nyuma ya bomba."

Vidole akasogea dirishani.

Watoto walikuwa wamepanga foleni. Foleni iliyonyooka, ambayo hata walimu wangeionea wivu. Mbele ya foleni alisimama Chiriku, amekunja mikono tumboni, kichwa amekiinamisha. Kando yake alisimama binti wa mwenye duka la dawa, yule waliyempa jina la Kengele kwa sauti yake. Kengele huyu kila Jumamosi alikaa kwenye benchi la Vidole akimsubiri mama yake, akila biskuti. Alikuwa ameshika kijiti kama chanuo, mkono mwingine kiunoni, na kiuno chenyewe amekipinda upande. Vidole aliujua mkao ule. Ulikuwa wake.

"Vuta tu, hazifumuki!" Kengele alipaza sauti.

Mtoto wa mbele akashika rasta, akavuta. Kichwa cha Chiriku kikaenda nyuma, kikarudi.

"Anayefuata!"

Akaja mwingine. Huyu alikuwa na nguvu, akashika kwa mikono miwili na kuegemea. Chiriku aliyumba, akajishikiza, akakunja tena mikono yake tumboni. Hakulia. Uso wake haukuonyesha kitu. Ulikuwa ule uso ambao wanawake wa Jumamosi waliusifu.

"Anayefuata!"

Vidole alishika fremu ya dirisha. Nyuma yake mwalimu alikuwa akisema, kwa furaha kabisa, "Si unaona? Na wala halalamiki. Nilidhani ni mchezo mliouzoea nyumbani."

Hakumbuki alifikaje nje. Anachokumbuka ni kwamba Kengele alimwona kwanza, na badala ya kukimbia, uso wake ulichanua.

"Mama Chiriku! Njoo uone, tunacheza saluni yako!"

Watoto wote wakageuka. Hakuna aliyekuwa na hatia machoni. Walimtazama wakisubiri kusifiwa. Mmoja wao alikuwa bado na kishungi cha nywele kati ya vidole vyake, hajui akitupe wapi.

Vidole alikitwaa kile kishungi, akakifumba kiganjani. Alimshika binti yake mkono, wakaondoka. Hasira zote alizozipanga zilibaki bila mtu wa kumshukia.

Nyumbani fundi friji alikuwa anawasubiri, na kwa vile hakujua lolote, alitoa sweta la kijani kwenye mfuko kwa mbwembwe.

"Haya, mama yangu, njoo ujaribu. Jumatatu unakwenda shule mpya. Hao washenzi hawatakuona tena."

Chiriku alilipapasa sweta. Lilikuwa jipya na laini. Kisha akamtazama mama yake na kumuuliza, kama mtu anayeulizia ratiba:

"Mama, na huko utawaambia wavute, au wanajua tayari?"

"Wavute nini?" Fundi friji alicheka.

"Nywele. Mama ndiye anayewaambia. Anasema vuta tu, ndiyo wanavuta."

Kicheko kilimwishia usoni. Akamtazama mkewe. Vidole alitamani ardhi ipasuke immeze, na kiti, na kioo, na rasta zote na misumari yake. Alingoja mumewe apige kelele. Hakupiga. Alilikunja sweta taratibu, akalirudisha kwenye mfuko.

"Kumbe," alisema. Basi.

Afadhali angepiga kelele. Vidole alikwenda uani, akakaa nyuma ya friji bovu la mteja, akalia kwa kitambaa mdomoni ili mtoto asisikie. Aliporudi, macho yamemvimba, alimsimulia mumewe foleni aliyoiona shuleni, na kauli alikuwa ameshaikata.

"Jumatatu haendi kule."

"Unasemaje wewe?"

"Tutampeleka kule na kichwa kile kile, na mama yule yule. Wewe humsikii anavyouliza? Ameshajiandaa kuvutwa. Anataka tu kujua nani ataanza."

"Na hawa wa hapa? Unamrudisha kwenye foleni?"

Ndipo fundi friji akafanya jambo ambalo siku zote hizo hakuna aliyelikumbuka. Alichuchumaa mbele ya binti yake akamuuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Chiriku alimnyooshea kidole mama yake.

"Nataka mama awaambie waache," alisema. "Yeye ndiye aliyewaambia."

Kwake yeye lilikuwa jambo jepesi kabisa. Ruhusa ilitoka kwa mama, basi mama na aiondoe. Walikubaliana hivyo, mume na mke, ingawa mume aliweka sharti lake: sweta halirudishwi dukani. Litabaki kabatini, na siku mtoto atakaporudi na unywele mmoja umeng'oka, ndilo atakalovaa.

Jumatatu Vidole alikwenda shuleni wakati wa mapumziko. Mwalimu, aliyekwisha kuelezwa yote kwa simu na hajalala vizuri tangu hapo, aliwakusanya watoto kwenye bomba. Walipomwona msusi mwenyewe amekuja, tena na Chiriku kando yake, walishangilia. Kisha wakafanya walichokizoea. Walipanga foleni.

"Hapana," alisema. "Hapana, wanangu, msipange. Njooni tu. Kaeni."

Walikaa. Yeye alisimama mbele ya wanawake wenye midomo mikali maisha yake yote na hakuwahi kutetemeka. Sasa alikuwa anatetemeka mbele ya watoto wa darasa la pili.

"Mimi ndiye niliyesema vuta tu. Mlinisikia mimi. Nilikosea. Nywele za mwenzenu zinauma mkizivuta. Zinang'oka. Kuanzia leo hakuna wa kuzigusa, hapa wala saluni kwangu. Hata mimi simgusi mpaka yeye aniambie niguse."

Watoto walitazamana. Kengele alinyoosha mkono, kama darasani. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ndogo.

"Kwani zilikuwa zinauma?"

"Zilikuwa zinauma."

"Mbona yeye hakusema?"

Vidole alifungua mdomo. Alikuwa na jibu lake tayari, kwamba mwenzenu ni mpole, ana subira. Chiriku alimwahi.

"Mama alinikataza."

Na hapo ndipo Vidole alipokumbuka. Ile mara ya kwanza kabisa, mtoto akiwa hajaanza hata shule, mteja alivuta na Chiriku akapiga ukelele, "Aii! Inauma!" Mteja akarudisha mkono, akasema atakuja siku nyingine. Vidole alimvuta binti yake nyuma ya pazia akamwambia, kwa upole tu, wala hakumpiga, "Ukisema inauma wateja watakimbia. Mtoto wa msusi halalamiki. Umenisikia?" Mtoto alikuwa amesikia. Mama alikwishasahau siku hiyo hiyo.

Mwalimu alitazama chini. Kengele akaanza kulia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Siku zilizofuata hazikuwa za miujiza. Wawili watatu walijaribu tena kwa siri, mwalimu akawakamata na kuwaita wazazi wao. Mama wa duka la dawa alikuja saluni uso umemshuka, akaomba radhi, na Vidole akamwomba yeye radhi zaidi, wakabaki wanashindana kuombana radhi mpaka maji ya moto yakapoa. Sweta la kijani lilikaa kabatini. Nyuma ya sikio vinyweleo vilianza kuchungulia. Lakini Chiriku bado alikuwa kimya, na kimya chake kilimnyima mama yake usingizi.

Jumamosi moja akaingia mteja mgeni, mwanamke wa kujiamini, kucha ndefu. Benchi limejaa.

"Wewe ndiye Vidole? Nimeambiwa zako hazifumuki. Nasikia kuna mtoto hapa mtu anaruhusiwa kuvuta."

Kabla Vidole hajameza mate, Chiriku alikuwa ameshashuka kwenye benchi. Miguu yake ilimpeleka yenyewe mpaka kando ya kiti. Mikono ikajikunja tumboni. Kichwa kikaanza kuinama.

Kikasimama katikati.

"Vuta za mama," alisema.

Saluni ilipasuka kwa kicheko. Vidole hakucheka. Kichwani alikuwa na rasta alizosukwa na msusi mwenzake wa mtaa wa pili, zimekazwa vizuri. Aliweka chanuo chini, akasogea, akainama mbele ya mteja.

Mteja, akidhani ni utani wa nyumba hiyo, alivuta kama mtu anayetaka kuhakikisha. Machozi yalimtoka Vidole yenyewe. Kichwa chote kiliwaka moto mpaka kwenye meno.

"Inauma?" Chiriku aliuliza.

Wanawake wote walikuwa wanamtazama, na mteja mgeni bado ameshika rasta mkononi.

"Inauma," alisema Vidole. "Inauma sana, mwanangu."

Chiriku alimtazama kwa makini, kuona kama anasema kweli. Halafu akasogea akashika kisogo chake mwenyewe.

"Mimi ilikuwa inauma hapa," alisema. "Na hapa. Na hapa nyuma ya sikio ndiyo zaidi, siku ile ya mvua, kwa sababu tulicheza ndani na walikuwa wengi. Na siku nyingine kuna mtoto alivuta akaanguka na mimi nikaanguka, na Kengele akasema..."

Aliendelea. Maneno yalimtoka bila kituo, kama zamani, na mama yake alipiga magoti sakafuni kwenye nywele zilizokatwa akamsikiliza. Mteja alikaa kwenye kiti akangoja, na hakuna aliyeita anayefuata.